Majina ya Meza ya Tatu

Kinoru, Meru
9 Oktoba 2022

Kwako Tata Rwamba,

Natumaini uko mzima, wewe na mbuzi wako watatu, na kwamba goti limepunguza maneno tangu baridi iishe. Sisi huku tunaendelea. Mama anamsalimu dada yake kutoka Githongo. Jumapili nilimkuta akibishana na baba, ambaye bado anasema atang'oa kahawa yote apande parachichi. Mama anamwambia ang'oe siku ambayo yeye hayuko, la sivyo atamng'oa baba pamoja nayo.

Najua utacheka kwamba naandika barua na simu unayo. Lakini ulinifundisha mwenyewe kuwa simu ni ya kuambiana nani amelazwa na nani amezikwa, na hukwenda shule ya ngumbaru ukiwa na miaka arobaini ili ukose wa kukuandikia. Kiembu chenu nakisikia tu, siwezi kukiandika, na Kimeru changu kinakuchekesha. Basi Kiswahili kituamue.

Nimepata kazi. Tuko thelathini katika ghorofa ya pili hapa Kinoru, kila mmoja na kompyuta yake, na kazi ni kuangalia picha. Kwa sasa ni picha za kahawa, ile iliyoanikwa, yenye maganda. Natakiwa kuonyesha punje nzuri na punje mbaya. Tata, nina digrii na sijui. Naangalia mpaka punje zote zinakuwa uso mmoja, na kila Ijumaa msimamizi wetu, Thuranira, anasoma majina kuanzia aliyekosea zaidi. Wiki mbili mfululizo ameanza na langu.

Nimekukumbuka. Umekaa kwenye meza za kiwanda miaka ishirini na sita ukichagua kahawa kwa mkono. Unajuaje? Niambie kama unamwambia mtu asiyejua chochote. Ni ya kujifunza tu.

Mimi wako,
Kiende

*

Manyatta, Embu
30 Oktoba 2022

Mwanangu Kiende,

Barua yako niliisoma mara mbili mbele ya watu na mara moja peke yangu. Mshukuru Mungu kwa kazi. Goti liko palepale. Mbuzi ni wawili sasa, mmoja nilimtoa kwa harambee ya kanisa na nikipita kwa mchungaji yule mbuzi ananiangalia vibaya.

Miaka ishirini na sita hakuna mtu ameniuliza ninajuaje. Meneja huuliza, "Mmemaliza?" Hiyo ndiyo yake. Kwa hivyo uliponiuliza nilikaa kitako kwanza.

Punje nzuri ina rangi ya chai iliyowekwa maziwa mengi, na ganda lake limekaza. Mbaya ziko nyingi na sisi wa Meza ya Tatu tuna majina yetu, hutayakuta kwa kitabu. Kuna Sikio, imekunjika na ndani ni wazi. Kuna Mjane, ganda limefunguka upande mmoja, ukiishika haikujibu. Mbaya kuliko zote ni Nguo ya Jumapili. Hiyo ni nyeupe kupita wenzake, inang'aa, mgeni ataichagua ya kwanza. Ukiivunja inanuka chumba kizima, na moja tu inaharibu gunia. Utaijua kwa ule mstari wa katikati, umekuwa kahawia kama uzi uliochovywa kwa chai.

Halafu kuna Ndambiri. Ndambiri ni meneja wetu. Punje yake ni pana chini, imejaa mkononi, ndani ni hewa. Ni Wawira aliyeibatiza, yule tunayekaa naye bega kwa bega. Siku moja aliinua moja akasema, "Simameni, bwana mkubwa amekuja kukagua." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hiyo usimwambie mtu.

Uliza tena ukitaka. Nimefurahi.

Tata yako,
Rwamba

*

Kinoru
27 Novemba 2022

Tata mpendwa,

Mama ameanza kuchuma na analalamika kwamba vibarua wa siku hizi wanachuma na majani. Baba anasema hiyo ni sababu nyingine ya parachichi.

Maneno yako yamenitoa mkiani. Ijumaa Thuranira alianza kusoma majina na la kwangu likawa la mwisho, yaani sikukosea hata kumi kati ya elfu. Aliwaita wengine waje nyuma ya kiti changu waone ninavyofanya. "Huyu ana macho ya fundi," alisema. Sikusema macho ni ya nani.

Tata, ungeweza kunitumia punje chache za kila jina? Weka jina kwenye kila fungu. Nataka kuzishika.

Kiende wako

*

Manyatta
15 Januari 2023

Mwanangu,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Krismasi tulikula mukimo mpaka Jumanne.

Peleka macho kwa kifurushi. Kila jina liko kwa kiberiti chake, na nimefunga uzi. Hii si kazi yangu peke yangu. Niliwasomea barua zako pale mezani na sote kumi na wanne tukataka kuchagua. Wawira alitafuta Nguo ya Jumapili siku tatu, kila akipata anasema hii haijavaa vizuri. Kagure, ndiye mdogo wetu, alitia za Ndambiri nne kwa sababu anasema bwana mkubwa hatembei peke yake.

Uliandika ni ya kujifunza, basi wamefurahi kwamba mtoto wa chuo anasomea kazi ya mikono yetu. Wawira anasema ukipewa cheti na sisi tuandikwe kwa kona.

Sasa aliniuliza, "Hizo picha anasomea nini hasa?" Nikasema ni mambo ya chuo. Niambie nimwambie nini.

Rwamba

*

Kinoru
12 Februari 2023
(haikutumwa)

Tata,

Wawira ameuliza swali ambalo mimi mwenyewe nimelikwepa tangu Oktoba.

Hakuna chuo. Hakuna cheti. Picha ninazoziwekea alama zinaifundisha mashine yenye akili bandia. Inaonyeshwa punje maelfu kwa maelfu pamoja na majibu yangu mpaka inaanza kujibu yenyewe. Ikishajua, inawekwa kiwandani, kahawa inapita mbele yake, na hakuna haja ya meza wala ya wanawake wa kukaa kwenye meza. Hilo nilijua siku ya kwanza, lilikuwa kwenye karatasi niliyotia sahihi. Nilijiambia itapelekwa ng'ambo, mahali ambapo sina mtu.

Jana Thuranira alituonyesha ramani ya viwanda vya kwanza. Kuna kimoja juu ya Manyatta.

Viberiti vyako viko mbele yangu. Nimevifungua vyote. Nguo ya Jumapili ya Wawira ni nzuri mno. Nimeipiga picha pande sita na kuipeleka, na ilipokubaliwa nilifurahi, Tata. Kabla ya kuona aibu nilifurahi. Nataka ujue hata mpangilio huo.

*

Kinoru
19 Machi 2023

Tata mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi. Mvua imeanza huku. Mama hajambo, baba amenunua miche arobaini ya parachichi na kuificha kwa jirani.

Punje zilifika salama, asanteni nyote. Mwambie Wawira ni utafiti wa kilimo. Nimepandishwa kidogo, sasa nasimamia watu wanane.

Nimekutumia sweta, rangi ya zambarau unayoipenda.

Kiende

*

Manyatta
5 Novemba 2023

Kiende,

Umenyamaza, na mimi nikanyamaza, tuko sawa. Sweta ilifika, ni ya joto. Mvua ya huku ni nzuri na kahawa imezaa.

Mashine imekuja. Ilishushwa kwa lori Jumanne, ndefu kama kitanda cha watu wawili wasiopatana, ina mkanda unaotembea na jicho juu yake. Kahawa inapita chini ya jicho, iliyo mbaya inapulizwa na upepo inaangukia pembeni. Ilikuja na vijana wawili wenye adabu sana, kila mmoja wetu wanamwita mama. Walileta na televisheni ndogo ili watu waone kile jicho linaona. Kamati ya chama cha wakulima ilikaa mbele kwa viti vya plastiki, meneja katikati, sisi wa meza tukasimama nyuma.

Wakawasha. Neno la kwanza kutokea lilikuwa SIKIO. Wawira akanigusa na kiwiko. "Rwamba, umeona? Inasema kama sisi." Ikaja MJANE. Ikaja NGUO YA JUMAPILI. Hapo wanawake wakaanza kunong'ona. Halafu ikapita punje moja nono, jicho likaisimamia, na herufi nyekundu zikasema: NDAMBIRI. MBAYA. Ikapulizwa.

Mwenyekiti hakuwa na miwani, kwa hivyo aliisoma kwa sauti ili awe na hakika. "Ndambiri. Mbaya." Kabla hajafunga mdomo ikaja ya pili, NDAMBIRI, MBAYA. Kagure ndiye alishindwa kwanza. Tukacheka sote, tukashikana mabega, hata mimi, hata mzee mmoja wa kamati alijifanya anakohoa.

Meneja akageuka. "Nani alifundisha hiki kitu?"

Kijana akasema, "Kimefundishwa na wataalamu huko Meru, mzee."

Kicheko kikaisha pale pale. Wanawake wa meza yangu wanajua nina nani Meru. Ni wao walichagua zile punje.

Kesho yake Wawira alitoa kikombe chake kwa msumari ulio karibu na wangu, akaenda kukitundika upande wa lango. Kagure ndiye alisema, mbele ya wote: "Tata Rwamba amekula peke yake, na sisi ndio tulimpikia." Nikasema ndiyo, ni mimi niliifundisha. Sikutaka waanze kutaja jina lingine.

Wiki hii wamesimamisha meza zote.

Sikuulizi kitu. Salimia mama yako.

Rwamba

*

Kinoru
3 Desemba 2023

Tata Rwamba,

Sina salamu za mama leo. Hajui kitu, na sijapata nguvu ya kumwambia dada yako nilichokufanyia.

Umesema huulizi. Nitajibu hivyo hivyo.

Nilijua. Mwanzoni sikujua itakuja kwenu, lakini nilijua itakwenda kwa mtu, na huyo mtu angekuwa amekaa mezani kama wewe. Nilikuandikia "ni ya kujifunza tu" nikijua anayejifunza ni nani. Mwezi wa Februari niliona kiwanda chenu kwenye ramani. Nilikuandikia ukweli wote kwenye karatasi, nikaiweka kwenye droo, na badala yake nikakutumia sweta. Kila nikifikiria umelivaa natamani ulichome.

Kuhusu majina. Thuranira alisema tuandike jina lolote tunalolikumbuka, litabadilishwa huko mbele. Hakuna aliyelibadilisha. Niliandika Ndambiri kwa sababu hapa Kinoru hakuna anayemjua, na kwa sababu kila nilipoiandika nilisikia mnavyocheka. Sikuwaza kwamba litarudi mpaka mlangoni kwenu na kuwaonyesha wote ni nani aliyefungua mdomo. Ulinikataza kumwambia mtu, nami nikajihesabia kwamba mashine si mtu.

Sasa umejitwisha kosa langu mbele ya watu uliokaa nao miaka ishirini na sita. Siwezi kuliacha hapo. Jumapili ya tatu ya Januari nitakuja Embu. Waombe Wawira na Kagure na wengine wabaki baada ya ibada. Nitasimama mbele yao niseme kwamba hukujua lolote, kwamba nilikudanganya, kwamba wanichukie mimi. Sitakuja kuomba chakula wala kulala. Nitasema na kurudi.

Kiende

*

Manyatta
7 Januari 2024

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara moja tu, peke yangu.

Usije.

Usifikiri ni kwa kukulinda. Kuna kitu sikukuandikia Novemba, na nilikiacha makusudi. Meza ziliposimamishwa, wale vijana walisema mashine inahitaji mtu mmoja wa kukaa kando yake. Ikiona punje isiyoielewa inawasha taa ya manjano, na huyo mtu anabonyeza nzuri au mbaya. Walijaribu wanawake watano. Mimi ndiye nilipatana nayo kuliko wote. Si ajabu, ni kichwa changu mwenyewe. Meneja hakutaka, kwa sababu ya lile jina, lakini kampuni ilisema ni mimi. Nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Wawira alikuwa amesimama pale. Alikuwa mmoja wa wale watano.

Sasa fikiria umekuja umewaambia sikujua. Watasema, haya, hakujua, alidanganywa na mtoto wa kwao. Mbona basi alipojua alikaa kwa kile kiti? Hivi sasa wanadhani nilipanga yote tangu mwanzo. Mtu aliyepanga wanamwelewa, wanamchukia na kumaliza. Ukinitolea hilo, nitabaki na lile la kiti, na hilo sina la kulijibia.

Kiti kina mgongo. Goti haliniumi tena. Kuna asubuhi naamka bila maumivu na hilo linaniaibisha kuliko maneno ya Kagure.

Na kuna jingine. Mwezi wangu wa kwanza kwa kiti taa iliwaka kama mara mia kwa siku. Sasa ni ishirini, kwa sababu kila nikibonyeza inakumbuka. Juzi ilipita moja nyeupe, inang'aa, mkono wangu ukasema hii ni Nguo ya Jumapili. Jicho likasema nzuri. Nilisita, Kiende. Nikasema labda mimi ndiye nimezeeka, nikaiacha ipite. Halafu nikaifuata mpaka mwisho wa mkanda, nikaivunja. Ilinuka. Mkono wangu ulikuwa sawa na mimi niliukataa. Miaka yote hiyo sijawahi kuuliza mtu kama ninachokiona ninakiona.

Sweta sitachoma. Kuna baridi.

Rwamba

*

Kinoru
18 Februari 2024

Tata,

Nakusalimu kwa heshima. Mama hajambo. Nimemwambia. Alitoka akaenda kupalilia mahali ambapo palikuwa pamepaliliwa, na aliporudi alisema tu kwamba wewe ndiye uliyelipa karo yangu ya kidato cha kwanza. Sikujua.

Sikuja Embu, kama ulivyosema. Sijui kama nilikutii au nilifurahi kupewa ruhusa ya kutokuja. Nadhani vyote viwili.

Sijaacha kazi pia. Nilitaka nikuandikie kwamba nimeacha, ingekuwa barua nzuri zaidi. Lakini kila asubuhi napanda ngazi.

Jumatatu Thuranira aligonga meza. "Kahawa imekwisha. Sasa ni miraa. Jicho lijifunze kupanga miraa kwa daraja kabla haijafungwa. Nani ana mtu kule Maua?"

Mwiti, kijana aliyeajiriwa baada ya Krismasi, alikuwa amesimama tayari. "Mimi! Mama yangu anapanga miraa tangu sijazaliwa. Anajua kwa kugusa. Mnaweza kumfunga macho!"

Wakampigia makofi. Saa nne alikuja kwenye meza yangu na karatasi na kalamu.

"Madam, wanasema wewe ndiye ulikuwa na njia yako kwenye kahawa. Uliulizaje mpaka akakwambia yote?"

"Anza kwa kumwambia ni ya nini," nikamwambia.

"Ati nimwambie tunafundisha mashine kazi yake?" Alicheka. "Si atakataa!"

"Anaweza kukataa."

"Sasa madam, nitaandika nini Ijumaa?" Aliniangalia kuona kama nafanya mzaha. Kisha akauliza, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu: "Kwani wa kwako alikubali?"

Thuranira alikuwa nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Watu wangu wanane waliacha kubonyeza. Kisha wengine wote.

Nikasema hapana, hakukubali, sikumuuliza. Nilisema kwa sauti ya kufika ukutani. Nikasema kwamba nilipoitwa fundi, fundi alikuwa tata yangu Rwamba, anayechagua kahawa juu ya Manyatta, na kwamba nilimdanganya. Thuranira akasema, "Kiende, inatosha, twende ofisini." Sikwenda. Nilitaja Wawira. Nilitaja Kagure. Nikafungua mdomo niendelee, kwa sababu mlikuwa kumi na wanne, na pale nikakwama mbele ya watu wote. Wale wengine kumi na mmoja siwajui majina. Katika barua zangu zote sikuwahi kukuuliza.

Kiende